Buu, Fisi na Mguu wa Kirumbi

Hadithi, hadithi!
— Ije na utamu!
Utamu wakubwa wameshaumaliza. Itakuja na njaa. Tuipokee?
— Ije hivyohivyo, tumeizoea!

Hapo kale, kabla ya bahasha za kaki kuvumbuliwa, palikuwa na mchoma mkaa aitwaye Kirumbi. Shoka likamponyoka, chwaa! likampasua mguu. Kidonda kikaoza, kikanuka mpaka nzi wakawa wanaitana.

Harufu ikamfikia Fisi. Akaja mbio, mate chururu. "Mimi ndiye daktari!" Nani alimpa udaktari? Mjomba wake. Akanywa supu ya mgonjwa, akala uji wa mgonjwa, akatafuna hata ngozi ya mbuzi aliyolalia mgonjwa. Kisha akaupapasa mguu, akajilamba midomo.

"Huu umekufa wote. Kesho nakata hapa," akaonyesha pajani, "na naondoka nao. Kwa usalama wenu."

Bi Mwanakheri, mkewe Kirumbi, akaangua kilio. Mchoma mkaa wa mguu mmoja atapandaje mlima? Watoto watakula nini?

Ndani ya kidonda, Buu alisikia kila neno. Damu ingemchemka, kama angekuwa nayo. Tangu asubuhi alikuwa akitafuna nyama iliyooza, mnyu mnyu mnyu, na nyama nzima hajaigusa hata kidogo. Akachomoza kichwa.

"Shikamoo, daktari. Mguu huu mzima, ubovu uko juujuu tu. Nipe mimi kazi hii. Nakula kibovu, naacha kizima."

"Wewe? Una eksipiriensi ya miaka mingapi?"

"Nimezaliwa juzi, bosi."

"Kwa! Kwa! Kwa! Kazi hii inataka miaka kumi! Na mjini anakujua nani? Mjomba wako nani?"

"Nzi."

"Potelea mbali, mdudu we!"

Buu akameza hasira. Akalainisha sauti. "Sawa, mheshimiwa. Ila daktari mzito kama wewe, ukate mguu bila vazi jeupe? Si watasema ni mchinjaji?"

Fisi akageuka. Uani, juu ya majani, ilianikwa shuka nyeupe, bado mbichi, na nzi walishaitagia. Akaivuta, vup!

"Jamani, haijapigwa pasi!" akapiga kelele Bi Mwanakheri. "Ina mayai ya funza hiyo!"

"Usinifundishe kazi, mama. Pasi ni za wanyonge."

"Imekukaa, bosi!" akasema Buu. "Usiivue mpaka kijiji kizima kikuone."

Fisi akapita sokoni, shikamoo daktari! Akapita kisimani, shikamoo daktari! Akalala nayo, akaamka nayo. Kesho ikapita, keshokutwa ikapita, hajatosheka na salamu. Na kule ndani, Buu na ndugu zake, mnyu mnyu mnyu. Mnyu mnyu mnyu. Kibovu kikaisha, ikabaki nyama nyekundu, safi.

Kirumbi akaamka, akakanyaga, akasimama! Akainama kuangalia, akaona mabuu.

"Mama wee! Uchafu gani huu!" Akawakung'utia vumbini, pu! Mlangoni akamwona Fisi na shuka yake. "Ahsante, daktari! Mungu akuzidishie!"

"Ndiyo kazi yetu," akasema Fisi, akajikuna. Kwaru. Kwaru kwaru. Kiunoni jipu, mgongoni jipu, makalioni usiseme! Na ndani ya kila jipu, funza wa nguo mbichi, anajilia ngozi hai.

Fisi akabingirika vumbini mpaka kwa Buu. "Dogo! Hawa si ndugu zako? Waambie watoke! Kazi nakupa, leo hii!"

Buu akamkagua taratibu, toka masikio mpaka mkia.

"Hao binamu zangu, wanakula ngozi nzima. Mimi nakula iliyooza tu, na wewe bado unapumua, bosi. Nenda nyumbani ukaoze vizuri, kisha tuma maombi."

Hadithi yangu imekomea hapo. Penye utamu gawaneni, penye uchungu nirudishieni, ndicho chakula changu.

Na maadili yake ni haya: ukiugua, mfuate mwenye nguo nyeupe. Na ninyi wenye vyeti, kuweni wapole. Wakubwa wanajua wanachokifanya.