Fisi, Mjusi na Habari ya Nyama ya Bure

— Paukwa!

— Pakawa!

— Pakawa nini, na televisheni inapiga kelele? Izimeni kwanza! Haya, tena. Paukwa!

— Pakawa!

— Mwenye masikio?

— Na asikie!

— Na wewe Shomari, toa kidole puani. Hadithi haiingilii huko.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana umeme ulikuwa umeshafika, palikuwa na Fisi. Kijiji kizima, ni yeye peke yake aliyekuwa na televisheni. Kaiweka juu ya kabati, kaitandikia kitambaa cha kufuma. Nyuma yake, palipopita waya wa antena, alikaa Mjusi. Mjusi halipi kodi, hana kazi, anakula mbu wanaofuata mwanga, basi.

Sasa Fisi alikuwa na ujinga wake mmoja. Kila jioni mtangazaji, Bi Korongo, shingo ndefu na miwani, akisema, "Habari za jioni, mtazamaji," Fisi huinuka kitini, hupangusa mdomo, huitikia: "Nzuri, mama! Za huko?" Alidhani anasalimiwa yeye.

Jioni hiyo Fisi alikuwa amemwiba Kibata, mtoto wa Mama Bata, kamfunika kwa tenga pale pale sebuleni. Jikoni maji yanatokota: bwata, bwata, bwata! Ila Fisi hakuwa anakula mpaka taarifa ya habari iishe. Yaani Kibata alibakiwa na uhai wa taarifa moja tu ya habari. Nje, Mama Bata anazunguka nyumba analia: "Kwaa! Kwaa! Mwanangu yuko wapi?"

Bi Korongo akatokea. "Habari za jioni, mtazamaji."

"Nzuri, mama! Za huko?"

"Kwanza muhtasari. Mto umefurika. Mwizi amekamatwa. Na mwisho, tutakueleza nyama inapogawiwa bure."

"Bure!" Fisi akakaa ukingoni mwa kiti. Udenda ukamtoka.

Ikaja habari ya mto. Vifaranga wamesombwa na maji. Fisi akalia machozi ya kweli. "Masikini! Watoto wa watu hao, jamani!"

Chini ya tenga: "Pii! Pii! Pii!"

"Nyamaza wewe, nasikiliza!"

Ikaja habari ya mwizi wa kuku. Fisi akapiga meza, paa! "Mfungeni huyo! Siku hizi hakuna utu kabisa!"

Chini ya tenga: "Pii! Pii! Pii!"

Mjusi akasema moyoni, haki ya Mungu, haya siyawezi. Huku analia, huku anatokosa! Akausogeza waya kwa mkia, kidogo tu.

Chwaaa! Chenga tupu.

"Mjusi! Zungusha antena!"

"Antena haina neno, mzee. Bi Korongo amekasirika."

"Amekasirikia nini?"

"Si unamwitikia kila siku? Anayekusikia wewe, kilio cha mtoto hakisikii? Hasomi habari penye maji ya kumpikia mtoto wa mwenzio."

Fisi akababaika. Akakimbia jikoni, akamwaga maji, mwaaa! Akarudi anahema. Mjusi akaurudisha waya.

"... tajiri mmoja amechinja ng'ombe wake wote," Bi Korongo anasema, "na nyama anaigawa bure kwa yeyote atakayefika bila ya ..."

Chwaaa! Chenga tupu.

"Bila ya nini? Mama, bila ya nini?" Fisi ameshikilia kabati kwa mikono miwili.

"Bado amenuna," Mjusi akasema. "Anauliza, tenga hilo la nini?"

"La kuku!"

"Mwongo, anasema."

Fisi akalitazama tenga, akaitazama televisheni. Kibata ni mdogo, hajazi hata jino. Ng'ombe wa zizi zima je? Akalifunua tenga, fyuu! Akamwinamia Kibata na kumbembeleza: "Mwanangu, usilie, mama yule pale anatutazama." Mjusi akaurudisha waya.

"... bila ya kuulizwa ametoka wapi. Walio mbele watapewa maini. Mahali penyewe ni ..."

Chwaaa! Chenga tupu.

"Mjusi, nakufa!"

"Mlango, mzee. Anasema hataji mahali mbele ya mtoto wa watu. Mrudishe kwao kwanza."

Fisi akaupiga mlango teke, gwaa! "Nenda! Nenda kwenu!" Kibata akatoka mbio, pata pata pata, mpaka chini ya bawa la mama yake. Mama Bata alimkumbatia huku anamchapa, kama mama yeyote. Wakatokomea majanini.

Mjusi akahakikisha wamefika mbali, ndipo akaurudisha waya.

"Kwa mara ya mwisho, mtazamaji, nyama inagawiwa katika kijiji cha ..."

Chwaaa!

"Cha nini?" Fisi akapiga yowe. "Kijiji cha nini?"

"Hata mimi sikusikia vizuri, mzee. Ila nadhani alisema ukikimbia utawahi."

Fisi hakungoja. Tifu! Tifu! Tifu! Mlango kauacha wazi, televisheni kaiacha inawaka. Mjusi akaunyoosha waya, akajilalia juu ya kitambaa cha kufuma, na mbu wakaja wenyewe. Bi Korongo alikuwa anamalizia: wananchi waje na vyombo vyao.

Tangu siku hiyo Fisi hajakaa nyumbani. Usiku mkimsikia porini, "Wuuu-wi! Wuuu-wi!", msiogope. Anaulizia kijiji.

Mafunzo ya hadithi? Yapo. Ukiiba bata, mle kwanza, habari utasikiliza baadaye.

Hadithi yangu hiyo nimeitua. Uliyeipenda, lala nayo. Usiyeipenda, mfuate Fisi ukaitafute nyingine.

Haya, iwasheni sasa, wakati umefika.

"Habari za jioni, mtazamaji."

Nzuri, mwanangu! Mnacheka nini nyie? Mtu akikusalimu, unaitikia.