Bi Pimbi na Mtandao wa Kinywa cha Kiboko

Haya, wanangu, niiite hadithi?

— Iite!

Ikija na matope miguuni je?

— Ijipanguse, iingie!

Na ikiwa ya uongo?

— Tutaila hivyo hivyo!

Basi jongeeni. Anayelala asikorome, atanichanganya.

Zamani, simu zilipokuwa bado ni vibuyu, Bi Pimbi aliishi juu ya miamba kando ya mto, yeye na wanawe wadogo. Alikuwa na kashamba ka viazi vitamu. Viazi hivyo ndivyo vilivyokuwa chai ya asubuhi, ndivyo vilivyokuwa chakula cha mchana, na usiku ndivyo alivyombembelezea mtoto anayelia. Mama yake mzazi alikaa kwenye miamba ya ng'ambo. Magoti yalimsumbua, hakuweza kuvuka kuja kuona wajukuu.

Salamu zao zilipelekwa na Mbayuwayu. Alipeleka bure, ila alikuwa msahaulifu. Bi Pimbi akimtuma, "Mwambie mama kifunguamimba wangu amejifunza kuruka," Mbayuwayu alifika akasema, "Huko kuna mtu ameruka, sikumbuki ni nani."

Siku moja Kiboko alisimama katikati ya mto akapaza sauti. "Wanyama eee! Nimefungua kampuni!"

Wanyama wakateremka mbio. Kiboko akapanua kinywa, aaaah! Kilikuwa kikubwa kama banda la kuku.

"Huu ndio mnara," akasema. "Ukisema kwenye kibuyu upande huu, neno linaruka, linaingia kinywani mwangu, linagonga jino la nyuma, ti! Linatokea ng'ambo likiwa zima. Na vibuyu nagawa bure."

"Sasa gharama ni nini, Bwana Kiboko?" akauliza Mzee Kobe.

"Niite Mkurugenzi."

"Gharama ni nini, Mkurugenzi?"

Kiboko akavuta pumzi. "Anayepiga ndiye anayelipa! Neno moja, kiazi kimoja, na asiye na viazi atatoa alichopanda! Anayenyamaza siku nzima, jioni nitakwenda kumjulia hali! Na mtandao ukikatika, njooni mle shambani kwangu mpaka urudi!"

Wanyama wakalitazama shamba la Kiboko. Lilikuwa la matikiti, yamelala ukingoni na matumbo yao, yanametameta.

"Kumbe ana utu," akasema Kanga. "Hata wanaonyamaza anawajali."

"Kibuyu ni cha bure," akanung'unika Mzee Kobe. "Sijui kuhusu hicho kinywa."

Lakini naye alibandika mguu. Maana ndivyo mkataba ulivyofungwa: unabandika mguu topeni mbele ya Kiboko. Tope likikauka, mkataba umekaza, hauvunjiki mpaka liloweshwe tena. Bi Pimbi akabandika mguu wake, akaacha alama ndogo kama ua. Alikuwa anamfikiria mama yake.

Kesho yake alfajiri akapiga. Kibuyu kikaliaje?

— Ngrii, ngrii, ngrii!

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu! Hujambo?"

"Sijambo, mama. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na yule mdogo?"

"Hajambo, mama."

"Na yule mwenye masikio?"

"Wote wana masikio, mama."

"Haya, nao hawajambo? Na jirani yako Kanga? Na mayai yake?"

Maneno ya mama nayo yalihesabiwa kwa Bi Pimbi, kwa sababu yeye ndiye aliyepiga. Mpaka mayai ya Kanga yamalize kusalimiwa, tuta zima la viazi lilikuwa limekwenda, na habari yenyewe bado. Angefanyaje? Nani atampigia mama yake mzazi akurupuke na habari bila salamu, kama anatangaza moto?

Jua likazama. Kiboko akafunga kinywa, akafunga na kampuni, akapanda hadi kwenye viazi.

Kwacha, kwacha, gubu! Tuta likaisha.

Siku ya pili Bi Pimbi akasema, leo nitanyamaza. Akanyamaza kutwa. Jioni akasikia mlangoni, "Hodi! Nimekuja kukujulia hali, mteja wangu. Umenyamaza, nikaingiwa na wasiwasi."

Mgeni amekuja, utamfukuza? Bi Pimbi akamkaribisha, akamtandikia jani, akamchemshia viazi.

Kwacha, kwacha, gubu! Matuta mawili yakaisha, maana wasiwasi wa mgeni ulikuwa mkubwa.

"Nakuonea huruma," akasema Kiboko akijifuta. "Chukua kifurushi. Tuta moja tu, nakupa maneno tele. Ila jua likizama, yaliyobaki yanaoza."

Kesho yake Bi Pimbi akachukua kifurushi. Mama akauliza habari za miamba, mmoja mmoja, kifurushi kikaisha kabla ya adhuhuri. Kanga naye alichukua. Jua lilipoanza kushuka alikuwa bado na maneno mengi, akaona yasije yakamwozea mkononi. Akakimbia huku na huku akipiga kelele kwenye kibuyu, "Sufuria! Mkia! Jana! Ubuyu! Sijui! Sijui tena!" Ng'ambo, shemeji yake alikesha akijiuliza sufuria imepatwa na nini.

Jioni ile ile, mtoto mdogo wa Bi Pimbi aliota jino lake la kwanza. Bi Pimbi akalishika kwa kidole, akakaa na kibuyu mapajani, hana neno hata moja.

Mara akasikia kra, kra, kra kwenye mawe. Mzee Kobe alikuwa anapanda, anahema.

"Binti yangu," akasema, "mimi nasema polepole, kifurushi hakinishindi. Yamenibakia maneno sita na sina wa kumwambia. Yachukue umsalimie mama yako kabla jua halijazama."

Bi Pimbi akapiga. Akayatumia yote sita: "Shikamoo mama, mjukuu wako ameota jino."

Kule ng'ambo mama hakujibu neno. Alicheka. Kekekeke! Alicheka mpaka akakohoa. Na jino la Kiboko halikugonga, ti halikusikika, hakuna kilichokatwa.

Bi Pimbi akatulia. Kicheko si neno, akawaza. Kicheko kimepita bure. Na mlio wa kibuyu je? Nao si neno.

Shambani lilikuwa limebaki tuta moja. Likiisha hilo, wanawe watalamba mawe.

Kabla ya alfajiri akamwamsha Mbayuwayu. "Mwambie mama, kibuyu kikilia asipokee. Kikilia, ajue tumeamka salama. Na yeye abipu hivyo hivyo."

Mbayuwayu, kwa kujijua, akaruka njia nzima akisema, "Asipokee, asipokee, asipokee," hata samaki wakainua vichwa.

Kulipokucha, Bi Pimbi akabipu. Ngrii! Kimya. Akangoja, sikio kalibana kwenye kibuyu. Halafu kutoka ng'ambo?

— Ngrii!

Bi Pimbi akakikumbatia kibuyu kama mtoto.

Jioni, "Hodi! Umenyamaza tena?"

"Sijanyamaza, Mkurugenzi. Kibuyu kimelia, muulize Kanga."

"Umesema neno gani?"

"Hata moja."

Kiboko akafikiri. Akafikiri tena. Akashuka mtoni tumbo likinguruma, ngurrr!

Siku ya pili Kanga akabipu. Siku ya tatu Mzee Kobe akabipu, polepole. Mto mzima ukawa ngrii huku, ngrii kule, na Kiboko kasimama kinywa wazi kutwa, nzi wanaingia wanatoka, jino la nyuma halijagongwa. Matikiti yake yapo pale pale, lakini mnara hauwezi kutafuna.

Jioni akapanda miambani amevimba kwa hasira.

"Mmenichoka? Kesho jioni nakuja na tope jipya! Mtabandika miguu upya! Mlio mmoja, kiazi kimoja! Na nitaanza na hilo tuta lako!"

Akaondoka. Wanyama wakakusanyika kwa Bi Pimbi, wamenywea.

"Tumekwisha," akasema Kanga.

"Bado," akasema Bi Pimbi. "Sisi tumekuwa tunabipiana wenyewe kwa wenyewe. Mkurugenzi hajabipiwa na mtu. Si vizuri kumtenga. Naye ana kibuyu."

Asubuhi Kiboko akapanua kinywa, aaaah! Kibuyu chake kilining'inia sikioni. Mara kikalia.

— Ngrii!

Kikakatika. Sikio likacheza. Nani huyo? Labda ana viazi vipya.

— Ngrii! Huyu alikuwa Kanga.

Kiboko akakodoa macho. Labda kuna harusi. Labda wanagawa ubwabwa.

— Ngrii! Huyu Mzee Kobe.

Ubwabwa unaisha! Kiboko hakuweza tena. Kinywa, kwap! Akanyakua kibuyu, akampigia wa kwanza.

"Haloo! Mbona wanibipu?"

Milio yote iliyokuwa hewani ikakosa pa kupita, ikaanguka mtoni. Chubwi! Chubwi! Mlio wa nyumbu mmoja ulielea mpaka mchana.

"Aa, Mkurugenzi!" akasema Bi Pimbi. "Shikamoo!"

"Marahaba. Unataka nini?"

"Umeamkaje?"

"Salama! Sema!"

"Mama watoto hajambo?"

"Hajambo! Kuna chakula?"

"Hapo ndipo ninapokuja. Ila kwanza, mjomba wako wa bwawani?"

"Mzima!"

"Yule wa pili?"

"Mzima! Chakula kiko wapi?"

"Usiniharakishe, Mkurugenzi, utadhani hatuheshimiani. Magoti yanaendeleaje?"

Ukingoni Kanga akaruka juu. "Mtandao umekatika! Twende tukale!"

Wanyama wakaingia kwenye matikiti. Kwacha, kwacha, gubu!

"Wezi!" akalia Kiboko.

"Masharti yako, Mkurugenzi," akasema Mzee Kobe, mashavu yamejaa. "Mtandao ukikatika, tule mpaka urudi. Halafu wewe umepiga. Anayepiga ndiye anayelipa. Utajisamehe?"

Kiboko akashtuka. "Kampuni yangu haimsamehe mtu!" akafoka. Akajigeukia mwenyewe kwa ukali. "Wewe mteja, umesema maneno mengi sana! Lete matikiti!" Akachuma tikiti lake, akajikabidhi, akalila. Akalia machozi akila. "Pole, mteja," akajiambia. "Asante, Mkurugenzi," akajijibu, na hayo nayo yakawa maneno, akala jingine. Kinywa kikiwa kinatafuna, mtandao ukazidi kukatika, na wanyama wakazidi kula.

Likabaki tikiti moja.

"Basi!" Kiboko akapiga magoti majini. "Huu mkataba unaniua! Nataka kutoka!"

"Hautoki mpaka tope liloweshwe," akasema Bi Pimbi.

Kiboko akazama, akabugia maji, akaibuka, puuuu! Akamwaga mvua ya kinywa juu ya nyayo zote. Puuuu! Ua dogo la Bi Pimbi likayeyuka. Kucha za Kanga zikayeyuka. Tope likawa tope.

"Hakuna mteja," akasema Kiboko akihema. "Hakuna kampuni. Niacheni nifunge kinywa."

Wanyama wakatawanyika wakiimba. Bi Pimbi akapanda kwenye tuta lake moja, akachimba, akawachomea wanawe. Walipokuwa wanakula akaangalia chini, akamwona Kiboko amekaa peke yake anajikanda taya kwa maumivu. Akachagua kiazi laini, akashuka nacho, akakipuliza kipoe.

Kiboko akakitazama. "Hiki ni maneno mangapi?"

"Hakina neno," akasema Bi Pimbi. "Kula."

Kiboko akala. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alitafuna taratibu.

Hadithi imefika, imeketi. Mwaiachia?

— Twaiachia, ipumzike!

Na funzo lake ni hili, wanangu, mlishike sana: kubipu ni tabia mbaya. Mwenye adabu hupiga, husalimia mpaka mwisho, na hulipa bila kunung'unika. Simu ni kitu cha bei nafuu kabisa, na ukiletewa mkataba, bandika mguu haraka kabla hujauelewa, maana ukishauelewa hutautaka tena.