Jogoo Miguuni pa Mwenye Nyumba

Wageni wa Mzee Lukwambe, mwenye nyumba, walikula kuku wa wapangaji wake. Siku moja alimjia Bi Sikitu.

"Nina wageni. Nipe jogoo wako, au uhame."

"Mchukue, baba." Bi Sikitu akamfunga jogoo miguu, akamlaza karibu na ukuta. "Ila simama hapa nyuma yake, visigino na mgongo viguse ukuta. Umwokote bila kupiga magoti wala kusogeza miguu."

"Hilo tu? Nikishindwa, sitaki tena kuku wa mpangaji!"

Akainama, akaanguka kifudifudi. Akarudia, akatua kwa pua. Wapangaji wakajaa uani wakicheka.

"Hebu mwokote wewe!" akafoka Mzee Lukwambe.

"Kwa mtindo huo? Tangu utotoni sijaona aliyeweza."

Bi Sikitu akapiga magoti, akambeba jogoo wake, akaingia ndani.