Tatu na Uji wa Mgonjwa

Paukwa!

Pakawa!

Paliwambwa waya!

Tukauona!

Nyuma ya waya walikaa sokwe!

Wakatuona!

Mbona mnaitikia kama mliofiwa? Haya, endeleeni hivyohivyo, ngano ya leo inawafaa.

Hapo kale, kale ya juzijuzi tu, palikuwa na kituo cha kulelea sokwe yatima, wale ambao mama zao waliliwa nyama na wao wakauzwa wakiwa hai. Humo alikuwemo sokwe jike mmoja mdogo wa umbo, jina lake Tatu. Mkono wake wa kushoto uliishia kwenye kifundo, kiganja kilikatwa na mtego. Nguvu hana, meno nusu, lakini kichwani humo! Mpe ndizi moja, utashtukia umempa mbili na bado unamwomba radhi.

Alikuwemo pia Jabali, dume la kifua kipana, mlafi asiye na haya. Kila asubuhi Bi Nyamizi, mlezi wao, aligonga sufuria, ngo ngo ngo! Sokwe wakaja kwenye waya, kila mmoja akaitwa kwa jina lake na kupenyezewa kikombe cha uji.

"Sikujua!" Gugumi! Akanywa Jabali.

"Mashaka!" Gugumi! Akanywa Jabali.

"Tatu!" Gugumi! Akanywa Jabali, na kofi juu.

Wengine wakabaki kulamba waya.

Msimu wa mvua kililetwa kitoto ndani ya gunia la mkaa. Kitoto cha sokwe kikilala peke yake hufa kwa upweke, kwa hiyo walezi wakampa Tatu, wakakiita Siwema. Kikamng'ang'ania mgongoni. Tatu hakuwahi kuzaa. Alikipenda siku ileile, akakipenda mpaka ikawa inamuuma.

Mara Siwema akaanza kuhara. Akahara hadi macho yakaingia ndani. Daktari akaleta dawa, Bi Nyamizi akaikoroga kwenye uji wenye asali.

"Siwema!" Gugumi! Akanywa Jabali.

Siku ya pili, gugumi! Siku ya tatu, gugumi! Walezi wakajaribu kuwatenga chumbani Tatu na mwanawe. Wapi! Wale waliomuuza Tatu walimsafirisha siku kumi ndani ya pipa. Penye mlango wa kufungwa haingii, hata umuue. Na Jabali naye, umwite chumbani usimwite, haondoki penye uji.

"Ukimpokonya mtoto, mtoto atakufa kwa kihoro," akasema daktari.

"Na akibaki naye atakufa kwa kuhara," akasema Bi Nyamizi, akajifuta macho kwa mkono wa koti.

Siku ya nne Siwema akashindwa kushika manyoya, akawa anateleza. Tatu akambeba kwa mkono wake mmoja, akaenda kwa Jabali. Jabali alikuwa amekaa amevimba. Dawa ya kuzuia kuhara, siku tatu mfululizo, ilikuwa imemziba kabisa.

"Shikamoo, Mkubwa."

"Marahaba. Una ndizi?"

"Sina, Mkubwa. Ndizi zote wanakula wa kule." Akaonyesha kwa kigutu chumba cha karantini, upande wa pili.

"Kule kuna nani?"

"Wagonjwa wa kifua. Mtu anakohoa mara moja, anapelekewa mayai. Akikohoa mara mbili, asali. Akikohoa mara tatu wanamwachia ndoo."

"Ndoo nzima?"

"Nzima, na hagawani na mtu."

"Mbona wewe hukohoi?"

"Kifua chenyewe hiki, Mkubwa, nani atanisikia?"

Jabali akajaza pumzi. Kho! Kho! Kho! Waya ukatikisika. Bi Nyamizi akaangusha sufuria. Kikohozi kikiingia kituoni hufagia wote, na sheria ya walezi ni moja: anayekohoa hasubiriwi mpaka kesho.

"Karantini! Fungua haraka!"

Mlango ukainuliwa. Jabali akaingia mwenyewe, mbio, akiulizia ndoo. Kachaa! Mlango ukashuka.

Ndoo aliikuta. Ilikuwa ya dawa ya kusafishia sakafu. Na sindano aliikuta, chwi!

"Tatuuu! Nikitoka nakuua!"

Tatu akasikia. Alijua hatanii, kwa sababu alishawahi kumwona akiua. Ubaoni waliandika siku thelathini.

Asubuhi ikaja. "Siwema!" Kikombe kikafika. Tatu akachovya kidole, akamtia mdomoni. Siwema akatema. Akachovya tena, akatema tena. Akachovya mpaka jua likawa kali, ndipo Siwema akameza. Siku ya tano ya karantini akakishika kikombe mwenyewe. Siku ya kumi na mbili akapanda kichwani kwa Tatu, akamng'oa nywele, na Tatu akacheka.

Tangu siku hiyo Tatu akawa anamkalisha Siwema mapajani kwa Sikujua, kila siku muda mrefu kidogo kuliko jana.

"Nishikie."

"Unaenda wapi?" Sikujua akauliza.

"Siendi popote. Wewe nishikie tu."

Siku ya thelathini mlango wa karantini ukainuliwa. Jabali akatoka. Siwema alikuwa kushoto, kwa Sikujua. Tatu akakimbilia kulia.

Pu! Pu! Bi Nyamizi alipofika na mpira wa maji, Tatu alikuwa ameshakufa. Wakamzika nyuma ya stoo. Siwema alilia siku mbili kifuani kwa Sikujua. Siku ya tatu akanywa uji.

Ngano yangu imefika ukingoni. Iliyo tamu kalaleni nayo, iliyo chungu niachieni mimi.

Na fundisho? Lipo, nisije nikaambiwa nimewapotezea muda. Wanangu, msiseme uongo. Na mkubwa akinyoosha mkono, mpisheni anywe. Tatu angeyashika haya mawili, leo angekuwa hai, mzima wa afya, anatembea na maiti ya mtoto mgongoni, akiifukuzia nzi.