Tarishi wa Kuteremka

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, maana shujaa wa leo anakuja polepole.

Hapo zamani za kale, wanyama wa kilimani walitafuta tarishi. Kazi yake ilikuwa kukaa bondeni, na akiona hatari akimbie juu kuwaambia wenye watoto. Mwamuzi alikuwa Mzee Nungunungu, na magoti yalimuuma.

"Mashindano ya mbio yawe ya kuteremka," akasema. "Kupanda nitakufa."

Kakakuona alikuwa na magamba tele, mbio hakuna. Akajikunja duara. Akajiachia. Bingiri... bingiri... Mwanzoni hata konokono angempita. Swala, aliyeshindana naye, akacheka. Bingiri, bingiri! Ardhi ikamvuta. Ikazidi kumvuta, na mbio zikazidi kuongezeka. Bingiribingiribingiri! Akampita Swala. Akaupita mstari wa mwisho. Akampita na mwamuzi. Puu! Akaingia kichuguuni.

"Nimeshinda?" akauliza humo humo ndani.

"Umeshinda. Toka!"

"Ngoja kwanza." Alikuwa anakula mchwa.

Akavishwa unyoya mwekundu wa utarishi. Akarudi nyumbani kifua mbele.

"Mama watoto, mbio zimo damuni mwangu."

"Jana ulichelewa chakula," mkewe akasema, "na ulikuwa mlangoni."

Kiangazi kikaja. Mchana mmoja moto ukazuka bondeni. Waa! Ukaanza kupanda kilima. Na kule juu, mke na mtoto wa Kakakuona walikuwa wamelala shimoni.

Kakakuona, aliyekuwa kazini bondeni, akajikunja. Akasubiri mbio zije. Hazikuja. Akapanda kidogo, akajikunja tena. Bingiri, bingiri, bingiri! Akarudi pale pale, tena kwa kasi nzuri sana.

Moyo ukamwenda mbio, miguu haikuufuata. Swala alikuwa karibu, anakunywa maji mtoni. Kakakuona aliona haya, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko haya.

"Swala, ndugu yangu, chukua unyoya! Kimbia! Mwanangu yuko juu!"

"Na wewe, tarishi?"

"Mimi ni tarishi wa kuteremka tu. Kimbia!"

Swala akaruka. Pa! Pa! Pa! Kakakuona akajitosa mtoni, maji hadi puani, akilia kama mtoto. Moto ukapanda, ukapita.

Moshi ulipotulia, mkewe, ambaye Swala alimwahi kabla ya moto, akashuka salama, mtoto amepanda mkiani. Kakakuona akalia tena, safari hii kwa furaha.

Mzee Nungunungu akamuuliza, "Zile mbio zako ziliishia wapi?"

"Hazikuwa zangu, mzee. Zilikuwa za kilima. Mimi nilikuwa mzigo."

Akacheka mwenyewe kabla hawajamcheka. Unyoya ukabaki kwa Swala. Tangu siku hiyo mashindano ya utarishi huanzia bondeni, na mwamuzi hupanda na magoti yake.

Basi, watoto, na nyinyi wakubwa mnaojifanya hamsikii: mteremko ukikukimbiza, usijisifu kwa mbio. Jaribu kwanza kupanda.

Hadithi yangu imebiringika, na hapa ndipo ilipoishia. Kuirudisha juu ni kazi yenu.