Ndoo ya Pichani

Ndoo ya pichani haikati kiu.

Ndivyo mhariri alivyoandika kwa wino mwekundu juu ya habari ya Asnath asubuhi hii, akamrudishia bila neno jingine. Asnath kanuna, na ninyi wenzake mmeizunguka meza yangu ya usahihishaji mkitaka kujua methali hiyo imetoka wapi, maana shuleni hamkuisoma. Hamkuisoma kwa sababu si ya wahenga. Aliyeisema mara ya kwanza nilimjua, na aliniambia mimi, ndani ya chumba hikihiki, mimi nimekaa na yeye amesimama. Vuteni viti. Huwa naisimulia mara chache, kwa kuwa kila nikiisimulia masikio yananiwaka, na mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu.

Chanzo chake ni bahasha ya kaki.

Miaka hiyo gazeti letu la Nyanda lilitoka kila Ijumaa, na mimi nilikuwa mwandishi wa habari za vijijini. Cheo kizuri, ila vijijini kwenyewe nilikuwa nimeacha kwenda. Vijiji vilinifuata mezani. Makampuni, mashirika, idara, kila mmoja alikuwa na afisa uhusiano wake, na kila afisa uhusiano alijua kwamba Alhamisi saa sita mchana ukurasa wa kwanza huwa bado una tundu. Taarifa zao kwa vyombo vya habari zilikuja zimepigwa taipu vizuri, aya zimepangwa, picha ipo na maelezo yake yapo. Mimi nilibadilisha sentensi ya kwanza, nikaweka jina langu. Kazi ya robo saa, kisha nakwenda kula.

Bahasha ya Alhamisi ile ilitoka kwa kampuni moja iliyokuwa ikichimba jasi upande wa magharibi. Aliileta afisa uhusiano wao mwenyewe, Gervas, kijana mcheshi wa viatu vinavyong'aa, ambaye sikumbuki mtu ofisini aliyemchukia. Taarifa ilisema kampuni imekikabidhi kijiji cha Chigongwela bomba la maji safi. Kwenye picha alikuwapo mama mmoja mtu mzima, amesimama kando ya bomba, ndoo ya bluu kichwani, udongo miguuni umelowa, anacheka mpaka pengo lake linaonekana. Na maneno yake yalikuwa tayari: "Mateso yetu ya miaka mingi sasa yamebaki historia. Tunaishukuru kampuni kwa kuwa mdau wa kweli wa maendeleo," alisema Bibi Sechelela Mdachi, mkazi wa kijiji hicho.

"Ulimsikia mwenyewe akisema hivi?" nilimuuliza Gervas. Msinisifu kwa swali hilo. Niliuliza huku vidole vyangu vimeshaanza kugonga taipureta.

"Kaka Ndahani, si unaona anavyocheka?" alinijibu. "Mtu anayecheka hivyo angesema nini kingine?"

Tukacheka wote wawili. Aliniachia kalenda ya kampuni, nikaitundika pale ukutani ilipo saa sasa. Wala msidhani alinipa kitu kingine. Angenipa, leo ningekuwa na cha kusingizia. Ulikuwa uvivu, uvivu mtupu, na uvivu huo ukanipa hata ujasiri wa kunogesha: baada ya "alisema" nikaongeza maneno yangu mwenyewe, "huku akibubujikwa na machozi ya furaha." Mbele ya macho yangu palikuwa na picha ya mtu anayecheka, nami nikamliza.

Ijumaa ikatoka ukurasa wa kwanza, KIU BASI CHIGONGWELA, na jina langu chini yake. Mhariri wa wakati huo akanipongeza. Jumatatu nilikuwa nimeshasahau.

Zikapita wiki tano. Asubuhi moja, chai ya saa nne haijaletwa, mlango huo ukafunguliwa akaingia mama aliyejifunga kaniki, miguu ina vumbi mpaka magotini, mkononi ndoo ya bluu. Nilimtambua kwa ndoo, maana uso haukuwa na kicheko.

"Namtafuta Ndahani," alisema.

Nilitamani kusema ametoka. "Ndiye mimi, mama. Karibu ukae."

Hakukaa. Aliiweka ndoo mezani kwangu, juu ya makaratasi, akafungua pindo la kaniki akatoa gazeti lililokunjwa mara nyingi hata likaanza kukatika kwenye mikunjo.

"Mjukuu wangu kanisomea," alisema. "Hapa imeandikwa nimesema. Nilikwambia lini, baba?"

Nililivuta gazeti karibu, kana kwamba nalisoma kwa mara ya kwanza.

"Na nililia wapi? Uliniona wapi nikilia?"

Taipureta za wenzangu zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Na huyu mdau," aliuliza, sasa kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa jibu, "huyu mdau ndiyo nini? Watu wananiuliza nimesema neno gani, nami sina la kuwajibu."

Akanieleza. Siku ya picha watu wa kampuni walifika na gari, wakachimbia bomba ardhini, wakashusha pipa la maji waliyokuja nayo wakayamwaga kuzunguka bomba ili udongo uonekane umelowa. Wakasema mabomba ya kuunganisha yanakuja wiki ijayo, leo ni picha tu. Wakamwita yeye kwa kuwa ana uso wa bashasha, wakamwambia ajitwike ndoo. Ndoo yenyewe ilikuwa tupu. Ndiyo maana alicheka. Alijiona mtu mzima mzima amejitwika hewa mbele ya wanaume, akashindwa kujizuia. Hakuna aliyemuuliza jambo, na yeye hakusema jambo.

Kabla ya hapo kijiji kilikuwa kikiletewa maji na boza la halmashauri kila Jumatano. Jumatano iliyofuata gazeti langu, boza halikuja. Ya pili yake halikuja. Wazee wakaenda wilayani kuuliza. Karani akafungua faili, akawawekea mbele gazeti la Nyanda. "Mbona maji mnayo?" aliwaambia. "Boza limepelekwa kwa wasio nayo. Huyu si mtu wenu?" Wakatazama. Alikuwa mtu wao.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi sikulijua, ingawa nilikuwa mwandishi wa habari za vijijini. Chigongwela boza lisipofika, watu hufukua visima kwenye mchanga wa korongo. Maji hujikusanya humo kidogo kidogo, kwa hiyo wanawake hupanga ndoo zao tangu alfajiri, kila ndoo ikimshikia mwenyewe zamu. Ndoo ikishawekwa foleni ni mtu. Hata mke mwenza wako uliyegombana naye jana huigusi ndoo yake. Ya Bibi Sechelela waliigusa. Kila alipoiweka aliikuta imetupwa kwenye miiba, na wenziwe wanamwambia aende akateke kwenye bomba lake la gazetini.

"Wanasema nimekiuza kijiji nipate kupigwa picha," alisema. "Mimi niliyewazalisha nusu yao."

"Nitaandika masahihisho, mama," nilimwambia. "Ijumaa hii hii."

"Gazeti lako kwetu linafika limefunga chumvi. Atalisoma nani? Sitaki uandike. Nataka uje useme kwa kinywa chako, mbele yao, kwamba sikusema."

Hapo ndipo nilipozidi kujivua nguo. Badala ya kusimama, nilivuta simu nikampigia Gervas, mama yule akinitazama. Nilitaka Gervas abebe mzigo wangu. Gervas hakukasirika hata kidogo. Alisema awamu ya pili ya mradi inaendelea vizuri, na mchana huo huo angeniletea taarifa nyingine kwa vyombo vya habari, yenye maelezo yote. Nikaweka simu chini nikamwambia mama wa watu, kwa sauti ya matumaini kabisa, "Kampuni inaleta taarifa mpya, mama. Na picha nyingine."

Aliichukua ndoo yake. Akaiinamisha kidogo upande wangu ili nione ndani, hadi chini.

"Ndoo ya pichani haikati kiu, baba," alisema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayemweleza mtoto jambo ambalo mtoto alipaswa kulijua. Nikachukua kofia yangu.

Tulifika Chigongwela siku ya pili, Jumatano, siku ya boza. Bomba nililiona kabla sijaona nyumba yoyote. Lilisimama peke yake uwanjani, limepakwa rangi nzuri ya kijani, na mbuzi wawili walikuwa wakijikuna kwalo. Nilifungua koki. Akatoka buibui.

Bibi Sechelela hakunipa nafasi ya kupumzika, akanipeleka moja kwa moja korongoni. Ndoo zilikuwa zimepangwa kutoka kisimani hadi kwenye kingo, na wanawake wamekaa kando yake, labda hamsini. Nikasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" Waliitikia, kwa kuwa salamu haikataliwi, lakini ilikuwa kama wameitikia mchanga.

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani. Yalikuwa na "kwa bahati mbaya" na "kutokana na taarifa tulizozipokea." Nilipowatazama wale kina mama nikayaona ni maneno ya bahasha yaleyale, nikayaacha.

"Mimi ndiye niliyeandika," nilisema. "Sijawahi kufika hapa. Huyu mama sijawahi kuzungumza naye kabla ya jana. Maneno yale hakuyasema, yaliandikwa na kampuni. Machozi niliyatunga mimi."

Mwanamke mmoja mrefu, aliyekaa karibu na kisima, akauliza, "Hukufika?"

"Sikufika."

"Sasa uliona nini?"

"Niliona picha."

"Ukaandika?"

"Nikaandika."

Nilingoja matusi. Ningeyapokea kwa shukrani. Hawakunitukana. Walinitazama tu kwa mshangao, jinsi mnavyomtazama mtu aliyejikojolea mbele ya watu, mkajua kumcheka ni kumwongezea. Kisha yule mrefu akainuka, akaichukua ndoo ya bluu mkononi mwa Bibi Sechelela, akaipangusa mchanga kwa khanga yake, akaenda kuiweka mbele kabisa ya foleni. Baadaye niliambiwa ndiye aliyekuwa akiitupa.

Bibi Sechelela akashuka kisimani. Kata ya kwanza aliyoichota hakuimimina ndooni. Alipanda nayo akaniletea.

"Hapana, mama," nilisema. "Watu wamekaa hapa tangu alfajiri."

"Kunywa kwanza," alisema, "ndipo uandike."

Nikanywa mbele ya macho yote yale. Yalikuwa ya chumvi, yana mchanga, yananuka ng'ombe. Nilikunywa mpaka mwisho kwa sababu kumwaga hata tone kungekuwa kosa la pili. Na yale machozi niliyomzushia yeye yalinishuka mimi, na sikuwa na pa kuuficha uso.

Nikarudi, nikaandika. Safari hii niliandika ladha ya maji, jina la korongo, siku ambazo boza halikuja, na buibui. Niliandika pia kwamba habari ya kwanza ilikuwa yangu na kwamba haikuwa kweli. Mhariri alikunja uso lakini akaichapa. Boza lilirudi Jumatano ya tatu baada ya habari hiyo. Bomba halijaunganishwa mpaka leo.

Mngependa niishie hapo, nami ningependa. Lakini mwezi wa kwanza Gervas alikuja tena na kalenda ya mwaka mpya, ameifungua mwenyewe ukurasa wa Agosti. Bibi Sechelela yupo pale na ndoo yake tupu, anacheka, na chini yake maneno yaleyale ya mateso kubaki historia, machozi yangu yakiwa ndani yake. Mwishoni pameandikwa: Gazeti la Nyanda.

"Tumekutangaza, kaka," aliniambia, na naapa alidhani ananifurahisha.

Mnaelewa kilichotokea? Yalipoingia humu ndani yalikuwa maneno ya Gervas. Yakapita mkononi mwangu robo saa, yakatoka yakiwa ushahidi. Habari yangu ya pili hawakuitundika popote. Kalenda ile ilikaa mwaka mzima kwenye ofisi zote za wilaya, hata juu ya meza ya yule karani. Na Chigongwela ilifika pia. Bibi Sechelela aliitundika kwake kwa sababu alihitaji kujua tarehe za kliniki za wajukuu, ila nilipokwenda kumsalimia Agosti ile nikakuta ameigeuza, picha inatazama ukuta. Mwezi huo alikuwa akiuliza tarehe kwa majirani. Hakunilaumu. Alinikaribisha uji.

Alifariki miaka sita iliyopita. Nilikwenda kuzika, na huko korongoni nikawasikia wasichana wadogo, ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule, wakimwambia mwenzao aliyekuwa akijisifu, "Ndoo ya pichani hiyo!" Wao hawajui nani aliianzisha. Mimi najua, na nilibaki nimeinamisha kichwa.

Haya, Asnath. Leta hiyo karatasi yako. Shule imepokea madawati mia mbili, wanafunzi wamefurahi, mwalimu mkuu amesema, na wote wanaonekana pichani. Mimi sijui kama madawati yapo. Huenda yapo, tena mazuri. Lakini na wewe hujui, na jina lililo juu ni lako. Shule yenyewe iko kilomita kumi na mbili tu kutoka hapa. Nenda, ukifika ukayakalie, ndipo uandike.

Ndoo ya pichani, mwanangu, haikati kiu.