Kitabu cha Foleni

Maktaba ya mji ule ilikuwa na matawi matatu, lakini kitabu cha kukata magauni ya harusi kilikuwa kimoja tu, nacho kilikaa kwa Bwana Mbonde, tajiri wa maduka ya nguo. Kila aliyekiomba aliambiwa asubiri, maana paa la maktaba aliliezeka Mbonde.

Sikudhani, fundi cherehani wa uchochoroni, alikuwa na bibi harusi wa Jumamosi na hajui aanzie wapi. Mbonde alipokuja kuongeza muda wa kitabu, alimkuta Sikudhani kwenye kaunta akimnong'oneza mkutubi.

"Kile tulichoagiza mafundi wa matawi yote kimefika? Kifiche, yule asikione!"

Masikio yakamsimama Mbonde. "Kipi hicho?"

"Hakuna kitu, mzee wangu," Sikudhani akajibu.

Mezani palikuwa na kitabu kilichofungwa kwa karatasi, na majina ya mafundi wa mji mzima yamebandikwa juu yake.

"Hicho nachukua mimi," Mbonde akanguruma.

Sikudhani akapiga magoti. "Mzee, chukua chochote, hicho tuachie!"

"Nipe hapa!"

"Kadi moja, kitabu kimoja, mzee," mkutubi akasema kwa upole.

Mbonde akakitupa kile cha magauni kwenye kaunta, akakumbatia kifurushi, akatoka kifua mbele. Sikudhani akafuta machozi, akatoa kadi yake, akagongewa muhuri.

Nje karatasi ikasikika ikichanwa.

"Kuzibua vyoo?" Mbonde akasoma jalada kwa sauti.

Sikudhani akachungulia dirishani, kitabu cha magauni kwapani.

"Kisome taratibu, mzee! Mafundi wote tumekubaliana kukusubiri."